Kaza Shangazi, Legeza Mjomba

4 Juni

Kwa Fundi,

Salamu. Nakuandikia kuhusu darubini, na darubini tu. Nimeanza hivyo ili usije ukaona mwandiko wangu kwenye bahasha, ukamwaga chai, ukadhani kuna mtu amefariki. Hakuna aliyefariki. Binti yetu mzima, mimi mzima, na yule paka wa jirani uliyemwombea mabaya miaka yote ile naye mzima, bado anaingia jikoni kwangu kama mwenye nyumba.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Tunajuana, Fundi. Tangu tuachane, kwenye simu tunaelewana kwenye salamu tu. Tukishamaliza kuulizana hali, mmoja wetu ameshapandisha sauti na mwingine ameshakata. Barua haikatiki. Ukikasirika unaiweka mezani, unazunguka nyumba, unarudi kuendelea kuisoma.

Jambo lenyewe ni hili. Nimestaafu. Mwisho wa mwezi wa nane narudisha nyumba hii kwa shule na kuhamia kwa binti yetu, ghorofa ya tatu, ambako kibaraza chake kinatosha kuanika shuka moja, tena ya mtoto. Darubini haina pa kwenda. Nimeamua kuipa shule, wasichana waitumie. Mkuu wa shule amefurahi, na ameshatenga chumba karibu na maabara. Tutaikabidhi Jumamosi, tarehe 24 Agosti.

Sasa, juzi jioni niliivua shuka nikaielekeza kwenye mwezi. Niliona ukungu mtupu, mwezi umekaa kama mtu aliye ndani ya chandarua. Nikachukua tochi nikachungulia ndani ya bomba. Vumbi! Kile kioo kikubwa cha chini, ulichokisugua mwenyewe kwa mikono yako, kimelaliwa na vumbi kama sakafu ya ghala. Kuna pia kiota cha nyigu cha udongo, kimeganda ukutani mwa bomba. Nyigu wenyewe walishahama, na wao.

Siwezi kuwakabidhi wasichana kitu kichafu. Niandikie jinsi ya kusafisha, hatua kwa hatua, kama unamweleza mtu asiyejua kitu, maana nyuma ya darubini ile sijawahi kugusa. Nyuma kulikuwa kwako. Mimi kazi yangu ilikuwa mbele, kutazama na kupiga kelele.

Ni hilo tu.

Mwalimu

*

13 Juni

Mwalimu,

Barua imefika. Chai nilimwaga hata hivyo.

La kwanza: USIFUTE. Nyumba ile najua ina vitambaa vya miwani kila droo, maana nilivileta mimi. Visahau. Kioo cha kujitazamia kimepakwa utando wake unaong'aa nyuma, kwa hiyo unagusa glasi tu. Kioo cha darubini kimepakwa utando wake juu, uko wazi, na ni mwembamba kuliko kitu chochote ulichowahi kushika. Ukipitisha kitambaa pale, vumbi linageuka msasa.

La pili: vumbi kidogo halina shida. Watu wengi zaidi wameharibu darubini kwa kusafisha kuliko kwa uchafu. Lakini kama limefikia kuwa kama sakafu ya ghala, hapo kweli kuna kazi. Nani aliacha kifuniko wazi?

La tatu: usianze chochote mpaka nikuandikie tena. Nataka nikueleze kwa utaratibu. Kwa sasa vunja kiota cha nyigu tu, ukiwa umelilaza bomba, mdomo ukitazama chini kidogo, ili udongo udondoke nje usidondokee kioo.

Kuja mwenyewe siwezi. Kazi ni nyingi.

Fundi

*

20 Juni

Kwa Fundi,

Barua yako imepigwa chapa. Nimeigeuza pande zote mbili nikitafuta muhuri, nikidhani benki imeniandikia kuhusu darubini. Wewe, ambaye ulikuwa ukiandika hata jina la mteja kwenye bahasha ya miwani kwa herufi za kulala, nzuri, mpaka watu wanatunza bahasha! Nakumbuka nilikuwa nawaonyesha wanafunzi wangu mwandiko wako nikiwaambia, "Huyu ni fundi, hakusoma sana, tazameni anavyoandika." Leo mke wako wa zamani anapata barua ya mashine. Haya. Ni sawa. Kila mtu na kazi zake nyingi.

Wala sikukuomba uje. Soma tena barua yangu.

Kifuniko nilifunikia ndoo ya maji. Usinifokee, kilikuwa kinaenea vizuri.

Sasa nisikilize bila kupandisha presha. Barua yako ya kusema usifute ilifika mchana. Mimi nilikuwa nimefuta asubuhi. Nilifungua nyuma kidogo, nikaingiza mkono, nikapitisha kitambaa cha miwani pembeni, kipande kidogo tu, upana wa vidole viwili. Nilihema juu yake kwanza, hah, kama unavyofanya na miwani, kama nilivyokuona ukifanya maelfu ya mara pale dukani. Nilidhani nafanya sawasawa. Nilipomulika tochi nikaona mikwaruzo, myembamba kama nywele za mtoto, imekaa sambamba. Nilikaa chini sakafuni, mtu mzima mimi, nikalia.

Sikulia kwa ajili ya glasi. Nilikumbuka lile pipa la mafuta. Ulikuwa umelijaza mchanga lisitikisike, ukaweka vioo viwili juu yake, kimoja juu ya kingine, unga wa kusagia katikati, na ukawa unasukuma, unavuta, unapiga hatua, unasukuma, unavuta, unapiga hatua, ukilizunguka pipa msimu mzima wa mvua pale kibarazani. Sakafu ilichakaa njia ya duara, na mpaka leo ipo, Fundi. Nimepiga deki juu yake kila wiki. Majirani walikuwa wanapita polepole kukutazama, na mama wa nyumba ya pili aliniuliza kwa upole kama ukoo wenu una historia ya mambo hayo. Nikamwambia unatengeneza kitu cha kutazamia nyota. Akasema, "Pole sana, mwanangu."

Nilikuwa nakaa kwenye kigoda nasahihisha madaftari, na mlio wa vile vioo ndio uliokuwa redio yangu. Sijawahi kukuambia kwamba ule ndio msimu niliokuwa na raha kuliko yote. Basi nakuambia sasa, kwa kuwa nimekikwaruza kioo na nina deni la kusema kitu kizuri.

Niambie kama nimeharibu.

Mwalimu

*

29 Juni

Mwalimu,

Hujaharibu. Kioo ni kipana, na kila sehemu yake inachora picha nzima. Vidole viwili vya mikwaruzo pembeni ni kama mtu mmoja kukohoa kwenye kwaya. Hutaona tofauti. Acha kulia sakafuni, ni baridi pale.

Kuhusu chapa: karibu na hapa pana duka lenye mashine, inaokoa muda. Usiweke maana pasipo na maana.

Sasa utaratibu. Fuata kama ulivyo.

Laza bomba mezani. Nyuma utaona bamba la duara, na skrubu tatu kubwa zenye springi. Hizo ndizo zinazoelekeza kioo. Kabla hujazigusa, weka alama: kila skrubu, mahali pake kwenye bamba, na bamba lenyewe limekaaje kwenye bomba. Alama kwanza, mkono baadaye.

Toa bamba zima pamoja na kioo chake. Kikalishe kioo ndani ya karai, chini utandike taulo lililokunjwa. Vua pete, bangili na saa. Mwagia maji ya uvuguvugu yanayotiririka, muda mrefu, mpaka uchoke, halafu endelea. Vumbi lingi litaondoka na maji tu. Kisha weka maji mapya na tone la sabuni ya vyombo. Chukua pamba safi, iloweshe, na uiburute juu ya kioo kwa uzito wake yenyewe. Hukandamizi. Mkono unaongoza tu, kama unavyomshika mkono mtoto anayejifunza kuandika. Ukifika ukingoni tupa pamba ile, chukua nyingine. Usirudie pamba hata kama inaonekana safi. Najua una moyo wa kubana matumizi. Siku hiyo usiwe nao.

Mwisho suuza kwa maji ya betri, yale yanayouzwa kwa wenye magari. Ya bomba yana chumvi, yataacha madoa. Simamisha kioo kwa ubavu kikauke chenyewe. Tone likibaki, ligusishe ncha ya karatasi laini, litanyonywa.

Kile kioo kidogo cha mbele, cha mshazari, kipulizie kwa pampu ya mpira tu. Usipulize kwa mdomo.

Sikujua kwamba ile njia ya duara ingalipo. Siku hizi mchana nakaa barazani natazama watu wakipita, na barua yako ilinipeleka mbali sana. Ulikuwa unasoma kwa sauti majibu ya ajabu ya wanafunzi, mimi nacheka mpaka nasimamisha kioo, na wewe unasema, "Endelea, usisimame, kitakuwa na bonde." Wewe hasa ndiye uliyekipa kioo umbo lake. Mimi nilikuwa nasukuma tu.

Fundi

*

11 Julai

Kwa Fundi,

Nimekiosha!

Nilivua kila kitu, mpaka hereni, usije ukasema. Nilinunua maji ya betri, na kijana wa duka la vipuri akaniuliza gari langu ni aina gani. Nikamwambia langu halina magurudumu na linafika mbali kuliko yote aliyowahi kuyaona. Akanipunguzia bei, nadhani kwa huruma.

Fundi, ungeyaona yale maji. Mwagio la kwanza lilitoka la kahawia, la pili la kijivu, la tatu likawa na weupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Nikajua huo weupe ni nini. Ni chaki. Ni mikono yangu ya kila jioni, nimetoka darasani, sijanawa, nimeegemea mdomo wa bomba nachungulia ndani kuona uso wangu ulivyopinduka. Wewe ulikuwa unafoka, "Chaki, Mwalimu, chaki!" nami nasema, "Iko wapi? Sioni." Sasa nimeiona. Nilisimama na karai mkononi nikaona vibaya kuimwaga. Nikaimwagia ile mimea ya dirishani.

Pamba niliburuta kama ulivyosema, bila kukandamiza, pamba mpya kila mara, pakiti nzima imekwisha. Kioo kilipokauka, nilisogea nikaona dari ya chumba, taa, na mimi, vyote vimening'inia kichwa chini, safi kabisa. Sikukumbuka kwamba kinang'aa namna ile. Nilikuwa nimezoea ukungu nikadhani ndivyo kilivyo.

Sasa shida. Usicheke.

Uliniambia niweke alama. Niliweka. Niliandika vizuri kabisa, mshale na herufi, kila skrubu na mahali pake. Niliandika kwa chaki.

Cheka basi, umalize.

Niliosha na bamba pia, kwa kuwa lilikuwa chafu, na alama zikaenda na maji mbele ya macho yangu. Miaka yote ubaoni mkono wangu haujui kalamu nyingine ya kuwekea alama. Nimerudisha kioo kwa kukisia. Mwanga umerudi, ukungu hakuna, ila picha imekwenda upande. Nyota zina mkia kama viluwiluwi. Kioo hakitazami kinapotakiwa kutazama, ni lazima kikazwe upya.

Nami hapo ndipo nilipokwama. Nilikuwa nikiziita zile skrubu tatu kwa majina tuliyozipa, jioni baada ya jioni, "Kaza Shangazi, legeza Mjomba, Bibi usimguse!" lakini enzi hizo sikuwahi kuwaona uso. Walikuwa nyuma, kwako. Najua tabia zao tu. Shangazi, mgumu kama shangazi yako aliyenuna harusi nzima, haendi mpaka umbembeleze. Mjomba, kama mjomba wangu, anakubaliana na kila anayemgusa. Na Bibi, ukimgusa kidogo tu ukoo mzima unahama. Sasa wako mbele yangu watatu, wamenyamaza, wanafanana kama mapacha.

Shangazi ni yupi? Wa juu, wa kushoto, au wa kulia? Na kushoto ni kwa anayetazama nyuma au anayetazama mbele?

Halafu jambo jingine. Mtu mwenye kazi nyingi anakaaje barazani mchana kutazama wapita njia?

Mwalimu

*

19 Julai

Mwalimu,

Nimecheka. Nimecheka mpaka mwenye mashine amekuja kuniuliza kama niko salama. Kwa chaki!

Shangazi ni yupi, sikumbuki. Nakuambia kweli. Nimefumba macho nikanyoosha mkono hewani kama mwehu, nikijaribu kukumbuka mkono ulikuwa unakwenda wapi ukisikia jina lake. Nadhani kushoto. Lakini nilikuwa nimeinama nyuma, wakati mwingine nimepiga magoti, wakati mwingine nimelala chali, na kushoto kulikuwa kunahama. Ndiyo maana tuliwapa majina. Unakumbuka kabla ya majina? "Kushoto!" "Kushoto yangu au yako?" "Kushoto ya kawaida!" Tulinuniana siku mbili kwa ajili ya kushoto. Majina yaliokoa nyumba, walau kwa muda ule.

Na yule karani wa posta aliyehamia ng'ambo ya ua. Jioni yake ya kwanza akasikia sauti ya mwanamke, "Mkaze Shangazi! Zaidi! Mjomba mlegeze, amekazwa mno!" Akaja na rungu.

Lakini Mwalimu, nikuulize kwa heshima zote. Wewe umefundisha hesabu maisha yako yote. Skrubu tatu zinakushinda? Zipe namba. Zungusha ya kwanza robo, nenda mbele utazame, rudi. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu. Ukishajua kila moja inavuta nyota upande gani, umemaliza. Ni kwenda na kurudi kwingi, ila unaweza peke yako. Huhitaji majina. Humhitaji fundi.

Kuhusu baraza, ni mapumziko ya mchana.

Fundi

*

27 Julai

Fundi,

Zinanishinda.

Au niseme ukweli, kwa kuwa nimechoka kuzunguka kama wewe na pipa lako. Nilizipa namba kabla hata barua yako haijafika. Juzi jioni, kiza kilipoingia tu, nilianza kwenda na kurudi, robo hapa, robo pale, na nilikuwa nimechora mpaka jedwali. Mkia ukafupika, ukafupika, ukaisha. Nyota ikawa nukta moja, safi, imetulia, kama siku ile ya kwanza kabisa ulipotoka nyuma ukikimbia na bisibisi mkononi, unasema, "Sogea, sogea na mimi nione."

Nikapiga kelele, "Hapo hapo!" Kama zamani, kwa sauti ile ile. Paka wa jirani akaruka ukuta. Nikageuka nyuma ya bomba, hakuna mtu.

Nikaenda nikazilegeza zote tatu.

Ndivyo zilivyo sasa, zimelegea, na sina nia ya kuzikaza peke yangu. Wasichana wataipata darubini tarehe 24. Baada ya hapo haitakuwa kibarazani kwetu tena, wala kibaraza hakitakuwa kwetu. Nataka tuikaze wote wawili na tutazame mara moja kabla haijaondoka. Haya, nimesema. Tangu barua ya kwanza nilikuwa nataka kusema hili nikajificha nyuma ya vumbi.

Sikuandikii ili nikurudie. Sijui kama naandika kukurudia. Ulipotaka twende mjini kwenye kiwanda cha miwani nikakataa kuwaacha wanafunzi wangu, kila mmoja wetu alikaa akisubiri mwenzake aanze kulegea, na hakuna aliyelegea, mpaka tukajikuta mbele ya watu wanatuandikia talaka. Hilo siwezi kulifuta sasa. Lakini darubini tulitengeneza wote.

Kama huji kwa sababu ya kazi, nimeshakuambia kuhusu baraza, usinione mtoto. Kama huji kwa sababu kuna mtu huko, niambie. Nitaelewa, kisha nitakasirika, kisha nitaelewa tena. Ila usinipigie chapa jibu la jambo hili.

Mwalimu

*

6 Agosti

Mwalimu wangu,

Hakuna mtu. Tazama mwandiko huu, utaelewa hakuna nini na kuna nini.

Mikono inatetemeka. Ulianza wa kulia, ukafuata wa kushoto kwa wivu. Daktari ameipa jina, dawa ninakunywa, na siku nyingine inapoa kidogo. Duka nililofungua huku mjini nimeliacha tangu mwezi wa kwanza. Nilikuwa namwekea mama mmoja kioo kwenye fremu, kikapasukia vidoleni, na yeye ndiye aliyeniambia pole. Nikafunga mlango, sikurudi. Kwa hiyo ndiyo, nakaa barazani.

Ukurasa huu nimeuanza asubuhi, na sasa watu wanatoka kazini. Mashine nilikuwa napiga kwa kidole kimoja, angalau herufi zinatoka zimesimama. Uliposema benki imekuandikia nilicheka, halafu nikaumia. Nilitaka ubaki na ule mwandiko wa kwenye bahasha za miwani.

Unaiita mikono iliyosugua kioo. Haipo. Nikishika bisibisi sasa, Bibi atazunguka mpaka adondoke. Sikutaka uione hivyo, wewe uliyekuwa umekaa kwenye kigoda pale ukiitazama ikifanya kazi. Nilikuwa najua unanitazama, na nilikuwa naringa.

Natamani kuja kuliko ninavyoweza kuandika, na kuandika kwenyewe unakuona. Lakini nitakuja kufanya nini?

Fundi

*

12 Agosti

Fundi wangu,

Nimesoma kila herufi. Zinacheza, lakini ni zako, na za kulala bado zimelala. Barua hii nimeitunza kwenye bahasha ya miwani.

Nimembana binti yetu kwa simu. Amekiri kwamba alijua tangu mwanzo na kwamba ulimlisha kiapo. Mtoto ana mdomo mzito huyu, sijui amemrithi nani. Kati yetu hakuna wa namna hiyo.

Unauliza utakuja kufanya nini. Nani kakuambia nataka mikono yako? Mikono ninayo, nimeshavunja kiota cha nyigu, nimeshaosha kioo, nimeshakwaruza na nimeshapona. Safari hii nyuma nakaa mimi. Wewe unakaa mbele, kwenye kigoda changu, unaweka jicho, unatazama, unaniambia. Kutazama hakuhitaji mkono. Na ukitaka kupiga kelele, piga, karani wa posta alishahama.

Maisha yetu yote wewe ulikuwa ukikaza mimi natazama. Ulikuwa ukija kuona mwisho, nyota imeshatulia. Hujawahi kuiona ikija.

Panda basi la asubuhi Alhamisi, tarehe 22. Litakufikisha mchana, nitakuwa stendi. Nitakutandikia chumba cha binti yetu. Njoo na dawa zako. Kitambaa cha miwani usije nacho.

Kifuniko nimekitoa kwenye ndoo.

Mwalimu wako

*

24 Agosti

Kwa wasichana wa shule,

Hii ndiyo darubini yenu. Karatasi hii ibandikwe ukutani karibu nayo, mahali inaposomeka.

Mkimaliza kutazama, funikeni. Kifuniko ni cha darubini, si cha kitu kingine, hata kama kinaenea.

Mkiona vumbi kidogo ndani, liacheni. Mkiona vumbi jingi, msifute. Mtuite. Pembeni mwa kioo mtaona mikwaruzo myembamba. Iliwekwa na mwalimu wenu wa zamani wa hesabu, na haizuii kitu.

Nyuma kuna skrubu tatu. Majina yao ni Shangazi, Mjomba na Bibi. Shangazi ni wa chini kabisa. Fundi alikuwa na hakika yuko kushoto, Mwalimu alikuwa na hakika yuko kulia, na Alhamisi jioni tulibishana sana kabla ya kumpata. Sasa tumeandika majina kwa rangi ya kucha. Msiandike kwa chaki.

Nyota ikiwa na mkia, kioo kinataka kukazwa. Kazi hii ni ya watu wawili. Mmoja anaweza kuimaliza peke yake, amewahi kujaribu mtu, lakini hatupendekezi. Mmoja akae nyuma na bisibisi, mwingine akae mbele atazame na kusema. Anayetazama aseme polepole, anayekaza asikasirike. Mkigombana, wekeni bisibisi chini, kanyweni chai, mrudi. Msisubiri mwenzenu ndiye aanze kurudi.

Tutakuja kuikagua kila mwisho wa mwezi. Tafadhali tuwekeeni viti viwili.

Mwalimu

Mstari wa chini nauandika mwenyewe, mtausoma polepole. Anayetazama akishasema "hapo hapo," aondoke haraka kwenye kiti, amwachie na mwenzake aone.

Fundi